Visa Nilivyofundishia, na Kimoja Nilichokosea

Mkufunzi kijana aliyerithi meza yangu chuoni alinipigia simu mwezi uliopita. Nilidhani anatafuta funguo za kabati. Kumbe alikuwa na swali. "Shikamoo Mwalimu. Vile visa vyako ulikuwa unavitoa wapi, na mbona kila kimoja kina karatasi mbili?" Nilianza kumweleza, mara simu yake ikazimika chaji. Basi nimekaa kumjibu kwa maandishi, na ninyi wengine mnaofundisha uuguzi na ukunga hapa Tabora mkitaka, chukueni. Habari za vyeo nimeziacha. Zimo kwenye faili langu, na faili, kama mtakavyoona huko mbele, halijui kila kitu.

Nilitoka wadini kwenda kufundisha nikiwa na miaka sita ya kazi na uoga wa kutosha. Siku ya kwanza nilikabidhiwa wanafunzi arobaini wa mwaka wa pili na daftari nene la notisi lililoandikwa na mtu aliyekwisha hamishwa. Nikasoma, wakaandika. Nilisoma kwa utulivu mkubwa hata kijana mmoja akalala huku kalamu yake ikiendelea kutembea. Nilipomaliza nilijiona nimefundisha.

Aliyenizindua ni Mama Salima. Alikuwa mkufunzi mkubwa wa ukunga pale chuoni, mzaliwa wa mtaa wa Ng'ambo hapa hapa mjini, na kabla ya kuletwa kufundisha alikuwa amezalisha wanawake wa mtaa wake mpaka akashindwa kwenda sokoni bila kusimamishwa aonyeshwe mtoto. Mrefu, mtandio mweupe, miwani yenye kamba shingoni. Wiki ile ya kwanza aliingia darasani kwangu, akakaa nyuma, akasikiliza kipindi chote bila kuandika neno. Wanafunzi walipotoka akanifuata mezani.

"Umesoma vizuri, Paskazia. Una sauti ya redioni," akasema. "Sasa niambie. Yule binti aliyekaa dirishani, kesho yuko wadini, mama ameshajifungua, damu inatoka haikatiki. Atafanya nini?"

"Atakumbuka notisi zake."

"Atakumbuka zilikuwa ukurasa wa ngapi," akasema, akachukua mkoba wake. "Alhamisi njoo kwangu."

Alhamisi nikaenda. Aligawa karatasi moja moja. Ilikuwa na kisa cha mama mmoja wa Gongoni, siku ya tatu baada ya kujifungua. Halali, anaongea peke yake, anasema mtoto si wake, majirani wamejaa sebuleni na kila mmoja ana ushauri. Wewe ni muuguzi, umeitwa, umefika mlangoni. Hapo kisa kikakatika. Kila mwanafunzi alitakiwa aandike atakachofanya, aandike na jina lake, akunje, aweke mezani. Binti mmoja akauliza kama wanaweza kujibu kwa vikundi.

"Wadini hakuna mtu anayeitwa Kikundi," Mama Salima akamwambia. "Andika jina lako."

Kisha akafungua karatasi moja baada ya nyingine na kuzisoma kwa sauti, na mabishano yakaanza. Kijana mmoja alikuwa ameandika aombewe. Darasa likacheka. Mama Salima hakucheka. "Aombewe, sawa," akasema. "Na mikono yako wewe itakuwa inafanya nini wakati wenzako wanaomba?" Kijana akasema angemchukua mtoto amweke mahali salama kwanza. Ndilo lilikuwa jibu. Mwishoni kabisa ndipo Mama Salima alipogawa karatasi ya pili, yenye yale yaliyotokea kweli, mazuri na mabaya. Nilitoka mle nikiwa na wivu, tena wivu mkubwa. Nilitaka kuwa yeye.

Alinifundisha kutafuta visa kama mtu anavyofundishwa kutafuta uyoga: vingi utaviona, vichache vinaliwa. Kila likizo nilikwenda. Urambo kwa treni, Nzega na Igunga kwa basi, nikakaa na wauguzi kwenye vibaraza vya wadi, nikaomba ruhusa ya kusoma mafaili. Wazee wetu Wanyamwezi walibeba mizigo kwa miguu kwenye njia ya misafara kutoka huku hadi pwani, na mpaka leo wanasifiwa kwa mabega yao. Mimi mzigo wangu ulikuwa daftari, na bado nilikuwa nikishuka stesheni nimechoka. Nikirudi, napiga kisa kwenye mashine ya taipu iliyokuwa imepoteza herufi ya k, naijaza kwa kalamu, kisha naenda kuzungusha mashine ya kudurufu hadi viganja viwe vyeusi.

Sharti la Mama Salima lilikuwa hili. Badilisha jina la mgonjwa, badilisha kijiji, badilisha idadi ya watoto. Lakini acha kitu kimoja cha kweli, kitu cha kuonekana kwa macho. "Bila hicho umeandika mtihani," alikuwa akisema. "Ukikiacha, mwanafunzi atamwona mtu." Nilishika sharti hilo kama sala, na ndilo lililokuja kuniumbua.

Miaka ikaenda, Mama Salima akastaafu, zikaja kompyuta na projekta. Tukaitwa semina ya siku tatu kuhusu njia hii hii, wenyewe wakaiita uchunguzi kifani. Mwezeshaji alituhutubia siku zote tatu kwamba kuhutubia darasa si njia nzuri. Nilinywa chai yake nikarudi kwenye karatasi zangu mbili. Nilikuwa na sababu. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, aliyepangiwa zahanati huko Igunga, aliwahi kunipigia baada ya kumwokoa mama aliyefika kondo la nyuma limegoma kutoka. "Mwalimu," akasema, "mikono ilikuwa inaganda, halafu nikasikia kabisa mtu ananiambia andika jina lako." Nilipokata simu nililia kidogo. Vijana wale walikuwa wanakwenda mahali ambapo hakuna daktari, wakati mwingine hata maji hakuna, na walikuwa wanaweza. Nawaheshimu kuliko ninavyoweza kuandika.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe.

Nilikipata katika hospitali moja ambayo sitaitaja, kwenye faili lenye kurasa nne. Mama wa ujauzito wa miezi minane, kichwa kinauma, macho yanaona ukungu, miguu imevimba. Alifikishwa Alhamisi kwenye trela la kubebea tumbaku akiwa tayari amepata kifafa cha mimba. Wauguzi walihangaika naye kwa saa mbili, yeye na mtoto wakafariki. Kwenye faili kulikuwa na mstari huu: ndugu walichelewa kumleta, walianza kwa mganga wa kienyeji. Muuguzi aliyekuwa zamu aliniambia kwamba mume alisimama mlangoni mwa wadi ameshika ndara moja ya mkewe. Nyingine ilidondoka njiani.

Nikabadilisha jina, kijiji na idadi ya watoto. Ndara nikaiacha.

Kisa hicho nilikifundisha miaka kumi. Karatasi ya kwanza ilisema ndugu walichelewa kwa mganga, ikakatika pale trela linapofika na mume ameshika ndara moja. Wanafunzi waliandika sindano gani, kipimo gani, alazwe vipi, na mwisho nilikuwa nawauliza: mngeifundisha nini jamii ili familia kama hii isichelewe? Hapo darasa lilikuwa linawaka. Kila mtu alikuwa na hotuba kwa ile familia. Nami nilisimama pembeni na chaki yangu, nimeridhika, nasikiliza watu wazuri wakiwalaumu watu nisiowajua.

Mwaka wa kumi na moja darasani alikuwamo Kalunde. Binti mkimya wa upande wa Urambo, wa familia ya wakulima wa tumbaku, Wakristo Wamoraviani, mwimbaji wa kwaya, mwenye mwandiko mdogo unaohitaji miwani. Alhamisi hiyo nilifungua karatasi zao moja moja. Yake ilikuwa na jina tu.

"Kalunde," nikasema, "mgonjwa amefika mlangoni anatapatapa, wewe umemsalimia kwa kumtajia jina lako?"

Wenzake wakacheka. Yeye akasimama.

"Hawakuchelewa, Mwalimu."

"Akina nani?"

"Hao ndugu. Karatasi inasema walichelewa. Hatukuchelewa." Akaweka kalamu mezani. "Ile ndara nyingine tuliiokota kesho yake, mimi na baba. Karibu na kituo cha kununulia tumbaku."

Hakuna aliyecheka tena. Nikawaambia watoke. Nimefunga macho ya marehemu wengi maishani mwangu, lakini sijawahi kuona aibu kama ile, ya kusimama na chaki mkononi mbele ya mtoto niliyemfanyia mzaha juu ya kifo cha mama yake.

Nilimkuta bwenini akipanga nguo kwenye begi juu ya kitanda. Nikakaa kwenye kitanda cha jirani yake, nikamwomba radhi, kisha nikamwomba anisimulie. Alikuwa na miaka tisa. Jumatatu ya wiki ile baba yao aliacha kazi shambani, akampakia mama kwenye baiskeli kwenda zahanati, Kalunde akifuata nyuma kwa miguu na kapu. Waliambiwa ni malaria, akapewa vidonge, wakarudi nyumbani. Alhamisi mama akaanguka jikoni.

"Na mganga?" nikauliza.

"Mganga gani, Mwalimu? Baba ni mzee wa kanisa. Mama alikuwa na chale miguuni, alichanjwa utotoni. Labda waliona hizo."

Mtu aliona alama za zamani kwenye miguu iliyovimba, akaandika, na mimi nikachapa.

"Bibi mzaa mama hajamsemesha baba tangu msiba," akaendelea, akikunja kitenge ambacho alikwisha kikunja. "Anasema hospitali yenyewe ilisema baba alichelewa. Anaishi kijiji cha pili tu, lakini baba akipita, anaingia ndani. Na baba anaikubali lawama. Anasema angempeleka Jumapili. Mwalimu, siwezi kusomea kazi inayotuandika hivi."

Sikumzuia. Nilimwombea ruhusa ya kwenda nyumbani siku nne, nikamwambia tu kwamba kama kadi ya kliniki ya mama yake ipo, ningeomba kuiona. Hakujibu kama atarudi.

Siku hiyo hiyo nilikwenda Ng'ambo kwa Mama Salima. Alikuwa mzee sasa, magoti yanamsumbua, lakini ulimi uko pale pale. Alinisikiliza hadi mwisho huku akichambua mchele.

"Kisa hicho ulimuuliza nani?"

"Faili. Na muuguzi wa zamu."

"Faili hilo liliwahi kubeba mimba?"

Nilitegemea aendelee kunichapa. Badala yake akaweka ungo chini.

"Mimi nimefundisha visa vya mafaili kabla yako, Paskazia," akasema taratibu. "Nilikufundisha kubadilisha majina. Sikukufundisha kwenda kubisha hodi kwa wenyewe. Hilo kosa ni letu sote wawili. Sasa likiwa letu, tufanyeje?"

Ndiyo maana namsifu hadi leo. Nimefanya kazi na mabingwa wengi ambao wangeniambia nifute kisa kile kimya kimya. Yeye katika umri ule alikubali kosa bila kusukumwa, akaendelea kuchambua mchele huku tukipanga la kufanya.

Jumanne Kalunde alirudi. Alikuja moja kwa moja ofisini, akatoa kitabu cha nyimbo cha baba yake, na ndani yake kadi. Mhuri wa zahanati, tarehe ya Jumatatu ile. Uzito umeandikwa. Mbele ya neno malalamiko: kichwa, macho. Mbele ya matibabu: vidonge vya malaria. Na kwenye kisanduku cha presha hakuna kitu. Kipimo cha dakika mbili, ambacho kila mwanafunzi wetu anakifanya hata usingizini. Tuliitazama pamoja kadi ile. Moyoni nilikuwa na hasira na yule mhudumu, kisha nikakumbuka foleni za Jumatatu kwenye zahanati yenye mtu mmoja, hasira ikachanganyika na huzuni.

Alhamisi nilisimama mbele ya darasa nikawaambia nimefundisha uongo kwa miaka kumi bila kujua, na kutojua kwangu kulitokana na uvivu wa kuuliza. Kisha nikagawa karatasi mpya, niliyoiandika na Kalunde akiwa upande wa pili wa meza. Kisa sasa kinaanzia Jumatatu. Wewe ndiye muuguzi wa zahanati. Uko peke yako, watu thelathini wanasubiri barazani, mama wa miezi minane anasema kichwa kinamuuma na macho yanaona ukungu. Mumewe amesimama nyuma yake ameshika baiskeli. Kisa kinakatikia hapo.

Hakuna aliyeihutubia jamii siku hiyo. Waliandika kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kalunde naye aliandika, mistari mitatu, akakunja, akaweka mezani pamoja na za wenzake. Begi lake halikurudi tena juu ya kitanda. Leo ni mkunga kwenye zahanati moja ya vijijini, na nimesikia kwamba mashine ya presha anaivaa begani kama mkoba.

Waliokwisha hitimu niliwatafuta kupitia makundi yao ya simu, darasa moja baada ya jingine, nikawaandikia kwamba familia ile haikuchelewa. Wengi walijibu "asante Mwalimu" na alama za mikono. Mmoja, mkuu wa zahanati sasa, alinijibu baada ya siku mbili: "Mwalimu, kila anayefika hali mbaya huwa naanza kwa kuwafokea ndugu zake. Nilijifunza kwako. Nitaanza kwa kuwauliza." Ujumbe huo niliusoma nikiwa jikoni, nikazima jiko nikakaa chini.

Lilibaki la kubisha hodi. Likizo ilipofika nilisafiri na Kalunde kwenda kwao, na karatasi zote mbili kwenye bahasha. Baba yake tulimkuta ndani ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku, anafunga majani kwenye fito. Ni mtu mwembamba, mpole, mwenye vidole vyeusi vya utomvu.

"Mwangaluka, baba Kalunde," nikamsalimia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, mwalimu. Karibu. Mtoto ameharibu nini?"

"Hajaharibu. Nimeharibu mimi." Nikamweleza yote, nimesimama, kwa sababu sikuona kama nastahili kukaa. Nikamwambia kwamba kisa ni chake, akikataa nitakichana hapo hapo.

"Someni kwanza," akasema, na mikono yake ikaendelea na kazi.

Kalunde akasoma. Jumatatu, foleni, kichwa, macho. Karatasi ya pili inaanza hivi: "Mume wake alimfikisha zahanati siku tatu kabla, mapema, wakati bado angeweza kuokolewa. Familia haikuchelewa." Mikono ya mzee ikasimama.

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Hiyo imeandikwa, au unasema wewe?"

"Imeandikwa, baba. Na mwalimu ameweka sahihi."

"Na hao wanafunzi wanaisoma?"

"Wote."

Aliweka fito chini. Akatoka nje, akanawa mikono kwenye ndoo kwa muda mrefu, ingawa utomvu ule hautoki kwa maji. Akaingia ndani, akatoka amevaa koti la kwendea ibadani. "Twende kwa bibi yako," akamwambia Kalunde. "Mwalimu, kama hujachoka, twende wote."

Tulitembea kama saa nzima, yeye mbele. Bibi alikuwa uani kwake anaanua nguo. Alipomwona mkwe wake alitia nguo kwapani akageuka kuingia ndani. Baba Kalunde akasimama mbali, pale uzio unapoanzia, akavua kofia. Kalunde hakusubiri kusalimia. Alianza kusoma hapo hapo uani kwa sauti ya kwaya, ili bibi asikie hata akifunga mlango.

Bibi alifika mlangoni akasimama, ametugeuzia mgongo. Alisikiliza Jumatatu, akasikiliza baiskeli na kapu, akasikiliza mpaka mwisho. Nguo moja ilimdondoka, hakuiokota. Kalunde alipomaliza akakunja karatasi.

"Kalunde," bibi akasema, bado hajageuka.

"Abee, bibi."

"Mletee mkwe wangu kiti."